Hamira na uyoga: Viwanda vya vitamini vilivyojificha kibanjani

Na Mwandishi Wetu, Bukoba

UKIINGIA katika duka lolote la pembejeo za mifugo mjini Bukoba, au pale Muleba mjini kwenye barabara iendayo Biharamulo, ukaomba premiksi ya kuku, muuzaji hatakuwa na maswali mengi. Atataka kujua tu kama ni ya kuku wa nyama au wa mayai, kisha atakukabidhi pakiti yako. Nyumbani utaichanganya na mahindi yaliyoparazwa, pumba, mashudu na dagaa, na habari yake inaishia hapo. Ni wafugaji wachache wanaojiuliza vitamini zilizomo ndani ya pakiti hiyo zimetoka wapi.

Wengi hudhani ni kemikali zilizochemshwa kiwandani. Kwa baadhi ya vitamini dhana hiyo ni sahihi. Lakini vitamini B2, ambayo ina rangi ya manjano iliyokolea, siku hizi hutengenezwa na viumbe hai wasioonekana kwa macho, wakiwamo jamii ya kuvu, ambao hutunzwa ndani ya matangi makubwa na kulishwa kama sisi tunavyolisha kuku bandani. Ndugu wa karibu kabisa wa kuvu hao ni hamira, na hamira imo katika kila mtumbwi wa rubisi unaochachuka leo kuanzia Kamachumu hadi Kanyigo.

Hapo ndipo penye hoja ya kibiashara. Mfugaji wa Kagera analipia vitamini zilizosafiri kwa meli kutoka ng'ambo, huku jirani yake mpika rubisi akimwaga chini ya migomba mashapo yaliyojaa viumbe wa ukoo uleule. Makala haya hayamwambii mtu aache premiksi. Yanaeleza nini kinafanyika ndani ya hayo matangi ya wenzetu, nini kinafanyika ndani ya mtumbwi wetu, na wapi mkulima anaweza kuokoa fedha bila kujidanganya.

Vifaranga wanaokunja vidole

Aliyewahi kufuga kuku wa kufungia huenda ameiona hali hii. Vifaranga wana umri wa wiki mbili hivi, wanakula vizuri, macho ni maangavu. Mmoja anaanza kukalia visigino. Ukimwinua unakuta vidole vimejikunja kwa ndani kama kiganja kilichofumbata shilingi. Baada ya siku chache wanakuwa watatu, kisha wanane, na hao hawawezi tena kufika kwenye chombo cha maji, hivyo wanakufa kwa kiu na njaa wakati chakula kipo.

Huo ndio upungufu wa vitamini B2. Mishipa ya fahamu inayokwenda miguuni inavimba na kuharibika. Kifaranga akiwahiwa kwa vitamini ya kuchanganya kwenye maji mara nyingi hupona. Akichelewa, vidole havinyooki tena hata umpe nini.

Hata hivyo, si kila kuku mwenye shida ya mguu amekosa vitamini. Kuku aliyekua kidogo akilala mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, shuku ugonjwa wa mahepe. Shingo zikipinda, kinyesi kikawa cha kijani na kundi zima likaanza kupukutika, hicho ni kideri, na kideri hakitibiwi kwa vitamini wala kwa mwarobaini bali huzuiwa kwa chanjo. Mwite afisa mifugo kabla ya kutumia fedha kwa kubahatisha.

Kwa nini kuku wa kienyeji anayezurura kibanjani hapati tatizo hili? Kwa sababu mchana kutwa anadonoa majani mabichi, wadudu na minyoo, na humo vitamini B2 imo ya kutosha. Ukimfungia ndani na kumpa mahindi na pumba tupu unakuwa umemkatia njia hiyo. Kilo moja ya mahindi ina kiasi cha miligramu moja tu ya vitamini hiyo, wakati kifaranga anahitaji takriban miligramu 3.6 katika kila kilo ya chakula anachokula.

Tufanye hesabu. Vifaranga 100 wa kuku wa mayai hula karibu kilo 200 za chakula hadi wanapofikisha wiki nane. Ukizidisha, vitamini B2 yote wanayohitaji kwa muda huo ni kama miligramu 720, yaani haifiki hata gramu moja. Ni kiasi cha kukaa kwenye ncha ya kijiko cha chai. Mradi mzima wa mtu unaweza kusimama au kuanguka kwa ajili ya unga wa kuchovya kidole.

Inafaa kukumbuka kuwa elimu yenyewe ya vitamini ilianzia kwenye miguu ya kuku. Katika miaka ya 1890, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman, akiwa kisiwani Java, aliona kuku waliokuwa wakilishwa wali mweupe wa mchele uliokobolewa wakipooza miguu. Walipobadilishiwa wakapewa mchele wenye ganda lake la ndani, walisimama tena. Ile ilikuwa vitamini B1, ndugu yake B2, ingawa jina hilo la vitamini lilikuwa bado halijatungwa. Eijkman alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1929 kwa kazi iliyoanzia bandani.

Adui wa pamba ageuka mtumishi

Sasa turudi kwenye ile pakiti. Kuvu mmoja anayetengeneza vitamini B2 kwa wingi viwandani anaitwa Ashbya gossypii. Jina la pili linatokana na jina la kitaalamu la pamba, na sababu yake ni kwamba wataalamu walimfahamu kwanza kama adui. Walimweleza mwaka 1926 kuwa ndiye anayeharibu pamba ikiwa bado kwenye tumba, akiienezwa na kunguni wekundu wanaofyonza tumba hizo na kuacha nyuzi zikiwa na madoa. Wakulima wa pamba wa ng'ambo ya ziwa, kule Mwanza na Shinyanga, wanawajua vizuri kunguni wa namna hiyo.

Baadaye iligundulika kuwa kuvu huyo ana tabia ya ajabu. Viumbe wengi hutengeneza vitamini B2 ya kujitosheleza wenyewe tu, lakini huyu hutengeneza ya kuzidi kiasi kwamba mwili wake mwenyewe unakuwa wa manjano. Wanasayansi wakafanya kile ambacho wafugaji wamefanya kwa ng'ombe tangu zamani: walichagua wale waliotoa zaidi, wakawaotesha, wakachagua tena, na baadaye wakaanza kurekebisha vinasaba vyao. Kampuni ya BASF ya Ujerumani ilianza kuzalisha vitamini B2 kwa kutumia kuvu huyo mwaka 1990. Kwa miaka kadhaa iliendesha njia mbili sambamba, ya kemikali na ya kuvu, hadi mwaka 1996 ilipoifunga ile ya kemikali. Mwaka 2003 uzalishaji ulihamishiwa Korea Kusini. Makampuni mengine hutumia bakteria anayeitwa Bacillus subtilis badala ya kuvu. Kati ya hao wawili, njia ya zamani ya kemikali imesukumwa nje ya soko.

Chakula cha kuvu huyo ni kitu tunachokifahamu: mafuta ya mimea, kama ya soya. Anawekwa kwenye tangi la chuma lenye maji, mafuta na virutubisho, hewa safi inapulizwa humo usiku na mchana, joto linadhibitiwa, na baada ya siku chache vitamini inavunwa, inakaushwa na kufungwa. Sehemu kubwa ya vitamini B2 inayotengenezwa duniani huishia kwenye vyakula vya mifugo, si vya watu.

Mtu anaweza kuuliza, basi kwa nini tusijenge tangi kama hilo Bukoba? Malighafi si kikwazo. Kiwanda cha Sukari cha Kagera kilichoko Missenyi hutoa molasi, na molasi ndiyo chakula kikuu cha hamira ya mikate duniani kote. Kikwazo ni usafi na umeme. Tangi moja likiingiliwa na kijidudu cha nje, mzigo wote unamwagwa. Umeme ukikatika saa chache, kuvu anakosa hewa. Aidha, soko la vitamini limeshikwa na makampuni machache makubwa ya Ulaya na China yanayoweza kushusha bei hadi mgeni akimbie. Kwa maoni ya mwandishi, anayemwahidi mkulima wa Muleba kiwanda cha vitamini anamuuzia ndoto. Kilichopo mkononi ni kidogo zaidi, lakini kipo.

Ndani ya mtumbwi wa rubisi

Upishi wa rubisi hauhitaji kuelezwa kwa msomaji wa Kagera, ila kwa ajili ya wasomaji wa mikoa mingine, ni hivi. Ndizi za pombe huivishwa, humenywa na kukandwa kwa miguu pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi wa mbao hadi juisi ijitenge. Juisi huchujwa na kuongezwa maji, kisha hutiwa unga wa mtama. Mtumbwi hufunikwa kwa majani ya migomba, na baada ya siku moja au mbili povu linainuka. Kinachofanya kazi humo ni hamira iliyoingia na mtama, na maganda, na mbao za mtumbwi wenyewe, ambazo huitunza kutoka upishi mmoja hadi mwingine. Mama akisema mtumbwi wa zamani unachachua vizuri kuliko mpya, anasema kweli kisayansi.

Hamira inakula sukari na kutoa kilevi, lakini wakati huohuo inazaana, na kila chembe mpya inajitengenezea vitamini za kundi B kwa ajili ya mwili wake. Ndiyo maana hamira kavu ya viwanda vya bia ina protini inayokaribia nusu ya uzito wake, na vitamini B2 ya miligramu 35 hivi kwa kilo, zaidi ya mara thelathini ya mahindi.

Thamani hiyo si ngeni. Mto Mississippi ulipofurika nchini Marekani mwaka 1927, Shirika la Msalaba Mwekundu liligawa hamira ya bia kwa watu masikini waliokuwa wakila mahindi matupu na kuugua pelagra, ugonjwa unaochubua ngozi na kuvuruga akili. Ushauri huo ulitokana na kazi ya Dk. Joseph Goldberger. Miaka michache baadaye, mjini Bombay, daktari Mwingereza Lucy Wills aliwapa wajawazito wenye upungufu wa damu dondoo la hamira linalouzwa kwa jina la Marmite, wakapata nafuu. Kilichowaponya kilikuja kuitwa foliki asidi, ambayo leo kila mjamzito hupewa vidonge vyake kliniki.

Kwa hiyo je, anayekunywa rubisi anakunywa vitamini? Kidogo, ndiyo, kwa kuwa rubisi haichujwi ikawa maji matupu na hamira hubaki ikielea. Lakini asitokee mzee akaichukua habari hii kwenda nayo kilabuni. Kilevi chenyewe huuzuia mwili kuipokea vitamini B1, na hamira ikiwa hai inaweza kufika tumboni na kujichukulia B1 ya mnywaji badala ya kumpa yake. Wataalamu waliligundua hilo katika miaka ya 1940 kwa kuwalisha watu hamira mbichi ya mikate. Ama ile ya kunereshwa, enkonyagi, haina hoja kabisa: mvuke hupanda na kilevi, vitamini hubaki kwenye pipa.

Kinachofaa kwa biashara ya mfugaji ni machicha na mashapo. Machicha ni yale makapi ya mtama yanayobaki kwenye chujio. Mashapo ni ule uji mzito wa rangi ya maziwa ulioganda chini ya chombo, na huo ndio wenye hamira nyingi. Wafugaji wa Mwanza wamekuwa wakinunua machicha ya kiwanda cha bia kwa ajili ya ng'ombe na nguruwe. Ya rubisi kwetu humwagwa tu, au huliwa na nguruwe wa jirani bila mpango.

Namna ya kuyatumia ni rahisi ila inataka nidhamu. Kwanza yachemshwe hadi yatokote kwa dakika kadhaa. Hapo hamira inakufa na kuachia kilicho ndani yake, na kilevi kilichobaki kinapaa. Usimpe kifaranga mashapo mabichi. Pili yatandazwe kwa tabaka jembamba juu ya turubai au chanja, na yakaushwe kivulini penye upepo. Hapa ndipo wengi watakosea, maana mazoea yetu ni kuanika kila kitu juani. Vitamini B2 huharibiwa na mwanga. Ukiyaweka mashapo juani kutwa nzima utabaki na protini, lakini ile uliyokuwa ukiitafuta itakuwa imekwenda.

Tatu, yakauke kweli. Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na katika miezi ya masika kukausha kitu kivulini ni kazi. Chanja juu ya jiko, ileile ya kuivishia ndizi, inaweza kusaidia. Yakitoa harufu ya uvundo au kuota ukungu wa kijani au mweusi, usiyalishe mnyama yeyote. Kuvu si wote wema: yule anayetoa sumukuvu ni kuvu pia, na sumu yake huua kuku, hupita kwenye mayai, na hudhuru ini la binadamu. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo.

Kiasi kisizidi sehemu moja katika kumi ya chakula cha kuku, kwa sababu makapi ya mtama yana nyuzinyuzi nyingi na kifaranga hashibi virutubisho kwa nyuzinyuzi. Na hapa lazima tuseme wazi: mashapo ya nyumbani ni mchanganyiko wa hamira na makapi, wala hayalingani na hamira safi ya kiwandani. Kwa mwenye kuku 500 wa kisasa, premiksi ibaki palepale na machicha yapunguze gharama ya pumba na mashudu. Anayefaidika zaidi ni yule mwenye vifaranga 30 wa kienyeji aliowafungia kwa kuogopa mwewe na kicheche, ambaye hanunui premiksi kabisa. Huyo akiongeza mashapo makavu, na mchicha au majani ya lusina kila asubuhi, anakuwa ameziba pengo.

Uyoga, huo upeleke juani

Uyoga nao ni kuvu, ila ni mkubwa wa kushikika mkononi. Uyoga wa vichuguu unaochomoza kwenye rweya mvua zinapoanza unajulikana, na kinachopendeza ni kwamba kule chini mchwa ndio wakulima: hutafuna nyasi na miti mikavu, wakaifanya bustani, na juu yake wakaotesha kuvu wanayemla. Uyoga tunaoula sisi ni ziada ya shamba la mchwa.

Wa kupanda ni tofauti. Aina inayouzwa sana nchini ni mamama, na unaota kwenye masalia ya shamba: majani makavu ya migomba, mabua ya maharage, maranda ya mbao. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Profesa Amelia Kivaisi na wenzake walitumia miaka mingi kutafiti uyoga, na mwaka 2008 Anthony Mshandete alichapisha matokeo ya kuotesha aina tatu za uyoga wa porini wa hapa nchini kwenye masalia ya mkonge. Mkonge kwetu haupo, lakini masalia tunayo mengi, pamoja na maganda ya kahawa ya kavu yanayorundikana penye mashine za kukoboa.

Majani yanakatwakatwa, yanalowekwa, yanapikwa kwa mvuke kwenye pipa kwa saa kadhaa, yanapoa, yanachanganywa na mbegu na kufungwa kwenye mifuko inayokaa gizani kwa wiki tatu au nne. Usiruke hatua ya mvuke. Tangu ugonjwa wa mnyauko wa migomba uripotiwe Muleba mwaka 2006, kubeba majani mabichi na visu kutoka kibanja kimoja kwenda kingine bila hadhari ni kuusambaza ugonjwa. Jambo jingine ni matandazo. Bibi yako hatakuelewa ukiondoa majani kibanjani, naye ana haki, maana ardhi ya kibanja inaishi kwa majani hayo na samadi. Chukua sehemu, na mifuko ikishachoka irudishe palepale kama mboji.

Sasa vitamini. Uyoga una B2 na niasini kama ilivyo hamira, lakini una kitu cha ziada. Ndani ya mwili wake mna mafuta yanayoitwa ergosteroli, na mionzi ya jua ikiyapiga hugeuka kuwa vitamini D. Uyoga uliokua gizani hauna vitamini D ya maana. Uyoga uleule, ukikatwa vipande au kugeuzwa ili mapezi ya chini yatazame juu, ukawekwa juani kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana kwa nusu saa hadi saa moja, unaweza kupata zaidi ya mikrogramu 10 kwa kila gramu 100 mbichi. Mtu mzima anashauriwa kupata kama 15 kwa siku. Jua la Bukoba, tuliopo chini kidogo tu ya ikweta, ni kali la kutosha kazi hiyo pale mawingu yanapotupa nafasi. Kioo cha dirisha hakifai, kwa kuwa huzuia mionzi inayotakiwa.

Kwa mtindo huohuo, katika miaka ya 1920 wanasayansi wa Ulaya na Marekani waliimulika hamira kwa taa maalumu ili kupata vitamini ya kuzuia matege ya watoto, na mpaka leo hamira iliyomulikwa hutumika kwenye mikate katika nchi kadhaa. Wewe huna haja ya taa.

Utaratibu basi uwe huu: jua kali kwa muda mfupi, kisha uyoga umalizie kukauka mahali penye kivuli, na ukikauka uhifadhiwe kwenye chombo kisichopitisha mwanga wala unyevu. Vitamini D hukaa miezi kadhaa kwenye uyoga mkavu, na hustahimili kupikwa. Upikwe na karanga au mafuta, maana bila mafuta mwili hauipokei vizuri.

Mkulima anayelima kutwa jua likimpiga mikononi hana sababu kubwa ya kutafuta vitamini D kwenye uyoga. Wanaoihitaji ni wazee wasiotoka ndani, wagonjwa wa muda mrefu, na watu wa mjini wanaoingia ofisini alfajiri na kutoka magharibi. Hao ndio soko. Hata hivyo mfanyabiashara asikimbilie kuandika "una vitamini D" kwenye pakiti. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vyakula umo mikononi mwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na dai la lishe kwenye lebo linahitaji kipimo cha maabara. Anayeanza apitie SIDO mjini Bukoba apate maelekezo ya ufungashaji. Bila kipimo, andika "umekaushwa kwa jua" na utakuwa umesema kweli. Kuku, kwa upande wao, usiwahesabie humu: vitamini D ya uyoga ni ya aina ambayo kuku huitumia vibaya sana. Watoe nje wapate jua lao wenyewe.

Wasichoweza kukupa

Kagera imekuwa fumbo kwa wataalamu wa lishe. Mkoa wenye ndizi, maharage, kahawa na samaki, lakini utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulikuta watoto karibu 42 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta wameshuka hadi 34 hivi. Bado ni mtoto mmoja katika kila watatu. Sahani imejaa, ila imejaa ndizi.

Kwa mtoto huyo, hamira na uyoga ni msaada wa upande mmoja. Hakuna hamira wala uyoga unaotengeneza vitamini B12; hiyo ni kazi ya bakteria pekee, nasi tunaipata kupitia nyama, maziwa, mayai na samaki. Dagaa wanaovuliwa kwenye visiwa vya Muleba, kama Bumbire na Goziba, wanaziba nafasi hiyo kwa bei ambayo uyoga hauwezi kushindana nayo. Vitamini A nayo haimo. Yupo kuvu mmoja wa viwandani, Blakeslea trispora, anayetoa ile rangi ya karoti ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, lakini huyo hakai mtumbwini. Nchini Uganda watafiti wa Kawanda, wakishirikiana na Wa-Australia, wamefanya kazi ya kuipandikiza sifa hiyo ndani ya ndizi. Nyumbani kwako, papai, viazi vitamu vya rangi ya chungwa na mchicha vinaifanya kazi hiyo leo bila kusubiri.

Anayetaka kujaribu mashapo asianze na kundi zima. Achukue vifaranga 20 wa kienyeji waliototolewa siku moja, awagawe mara mbili katika banda moja lenye uzio katikati, wote wapate chakula kilekile na majani yaleyale, ila upande mmoja uongezewe mashapo makavu kijiko kimoja cha chakula kwa kila vijiko tisa. Awapime uzito kila Jumamosi kwa mizani ya duka, na kuanzia siku ya kumi akague vidole kila asubuhi. Upande wowote vidole vikianza kujikunja, vitamini ya maji itiwe siku hiyohiyo bila kusubiri jaribio liishe.